Nani Anaharibu Ardhi? Uhakiki wa Hoja ya Umaskini na Mazingira

Mwaka 1987 Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norwei wa wakati huo, ilitoa taarifa ambayo tangu hapo imekuwa kama msahafu kwa wapangaji wa maendeleo. Ndiyo iliyoueneza ulimwenguni msemo wa maendeleo endelevu. Pamoja na msemo huo ilieneza hoja nyingine ambayo haikupata kuchambuliwa vya kutosha humu kwetu, nayo ni kwamba umaskini ni chanzo cha uharibifu wa mazingira na papo hapo ni tokeo lake. Maskini hukata miti kwa kuwa hana nishati nyingine. Hulima miteremko kwa kuwa hana tambarare. Hulundika mifugo kwa kuwa hana akiba nyingine. Ardhi ikichoka, naye huzidi kuwa maskini. Duara limefungwa, na dawa inayoandikwa ni moja: uchumi ukue, maskini apungue, na mti utasalimika.

Si nia yetu kuikataa hoja hii yote. Taarifa yenyewe haikumsahau tajiri. Ilieleza kwamba maisha ya anasa ya nchi zilizoendelea kiviwanda yanailemea dunia kupita uwezo wake. Lakini katika safari yake kutoka makao makuu ya Umoja wa Mataifa hadi semina za wilaya, hoja hiyo ilipoteza mguu mmoja. Kilichofika kijijini ni kwamba mharibifu ni mwananchi mwenye shoka na ng'ombe watano. Mwenye kiwanda, mwenye lori na mwenye mgodi walibaki njiani.

Sasa kwa kuwa Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inataka kwa pamoja uchumi ulio imara, jumuishi na shindani, na mazingira yaliyohifadhiwa, kada na mwanafunzi wa siasa hawana budi kuuliza mambo hayo mawili yanakutana wapi. Wasemaji wengi hujibu kwa mfano wa mizani: sahani hii uchumi, sahani ile mazingira, nasi tuweke uwiano. Mfano huo unapendeza masikioni, ila una kasoro. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa anajua kuliko wanadharia wote kwamba jambo la kwanza kuliangalia katika mizani ni mkono ulioishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima hao walichoka kupunjwa na wanunuzi wakaweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na hatua hiyo vyama vya ushirika vya eneo hilo vilipata nguvu. Kuongea juu ya uwiano bila kumtaja mpimaji ni kurudi nyuma ya hatua waliyofikia wakulima hao.

Nadharia hupimwa kwa hali halisi. Tunachagua Shinyanga, kwa sababu huko ardhi ilikufa ikafufuka mbele ya macho ya kizazi kimoja, na kwa hiyo sababu za kufa na za kufufuka zinaweza kuonekana.

Nchi ya Wasukuma haikuwa tupu tangu asili. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza iliendesha huko kampeni kubwa ya kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o, na watu walikusanywa kwa maelfu kupitia kwa watemi wao kuifanya kazi hiyo. Tuseme haki: mbung'o ni adui wa kweli, na ng'ombe wengi walipona kwa sababu ya kufyeka huko. Lakini nchi iliyofyekwa haikuachwa ipumzike. Ilifuata pamba. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilihitaji pamba, na Usukuma ukawa shamba lake. Kila shilingi iliyopatikana katika pamba na kubaki baada ya kodi iligeuzwa ng'ombe, kwani mkulima hakuwa na pahala pengine pa kuweka akiba ambapo pangezaa. Mkoloni akaona ng'ombe wamezidi. Ndipo ulipoletwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 hadi 1956, uliojaa amri: matuta ya namna fulani, idadi fulani ya ng'ombe, faini kwa asiyetii.

Hebu tuitazame picha hiyo kwa makini. Serikali ile ile iliyoamuru miti ifyekwe, na iliyosukuma zao lililotaka kila mwaka shamba jipya, ndiyo iliyosimama miaka 20 baadaye kumtuhumu mkulima kwamba anaiharibu nchi. Wananchi hawakuhitaji kusoma vitabu ili kuuona unafiki huo. TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958 kwa sababu chuki dhidi ya amri hizo ilikuwa imeiva. Huko Uluguru, mwaka 1955, matuta ya lazima yalizaa ghasia na mtu mmoja akapoteza maisha. Mlima ulihitaji kuhifadhiwa, hilo hatubishi. Udongo wa Uluguru ulikuwa unateremka kila masika. Hata hivyo mwanamke aliyelazimishwa kuchimba ngazi kwa jembe la mkono katika shamba ambalo udongo wake wa juu ni mwembamba, kisha akaona mavuno yanapungua, aliielewa hifadhi kuwa ni jina jingine la kazi ya shokoa. Kasumba hiyo ya kuichukia hifadhi tuliirithi pamoja na bendera, na mpaka leo haijatutoka.

Mfano wa Kongwa tunautaja kwa haraka tu maana unajulikana. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa katika Tanganyika. Mwaka 1951 waliuacha baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Matrekta yaling'oa pori na ardhi ikabaki ngumu kama sakafu. Aliyefanya vile hakuwa maskini.

Baada ya uhuru pamba iliendelea kupanuka, mifugo iliendelea kuongezeka, na mti ukaendelea kupungua. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Hapa yafaa tuseme wazi, kwa sababu jarida la nadharia lisiloweza kuichambua historia ya nchi yake lafaa kufungia maandazi. Madhumuni ya vijiji yalikuwa sahihi: haiwezekani kupeleka shule, maji na zahanati kwa kaya zilizotawanyika. Lakini katika utekelezaji wa miaka ya 1974 hadi 1976 mtendaji aliyehesabu nyumba zilizohamishwa hakuhesabu kilichoachwa nyuma. Katika Shinyanga kilichoachwa nyuma ni ngitili.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zinapoanza, Msukuma hutenga kipande cha ardhi na kukifunga. Ng'ombe hawaingii, nyasi hukua, miche ya migunga hunyanyuka. Kiangazi kinapokaza, maeneo mengine yakiwa yamebaki vumbi, ngitili hufunguliwa kwa zamu na kwa masharti. Ni ghala la majani, kwa maneno mengine. Lakini ghala hilo halina ukuta. Ukuta wake ni makubaliano ya majirani, na makubaliano hayo yana mahakama yake ya dagashida na askari wake wa sungusungu. Ukiwaondoa watu pale na kuwapanga kwa mstari barabarani, pamoja na majirani wapya wasiojuana nao mipaka, ngitili inakufa siku hiyo hiyo, hata kama hakuna mti uliokatwa. Kijiji kipya kikajikusanyia mifugo yote pahala pamoja, na nyasi za kuzunguka kijiji zikaisha.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa huo, Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzo wake haukutofautiana na miradi mingine: vitalu vikubwa vya serikali, miche ya miti ya kigeni, na maofisa wa kuigawa. Miche mingi ilikufa kwa ukame, mchwa na mifugo. Baadaye wataalamu wakafanya jambo ambalo kwa mtaalamu ni gumu kuliko kupanda miti milioni moja, yaani waliwauliza wananchi zamani walikuwa wanafanya nini. Jibu likawa ngitili.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinajulikana katika mkoa mzima zilifika hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Tuzingatie kwamba Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulikuwa mkubwa zaidi. Bariadi, Maswa na Meatu tangu mwaka 2012 ziko Simiyu. Tathmini ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, iliyochapishwa mwaka 2005, ilikadiria kwamba faida itokanayo na ngitili na miti iliyorudi, ikihesabiwa kwa fedha, ilikuwa dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi, ambapo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8 na nusu. Kuni, nguzo, asali, dawa, mboga za porini, majani ya kuezekea. Mwanamke aliyekuwa anatembea nusu siku kutafuta kuni alizipata karibu na kwake.

Sasa tuirudie hoja ya mwaka 1987 tuipime. Ikiwa umaskini ndio unaoharibu ardhi, basi ardhi isingeweza kupona kabla umaskini haujapungua. Je, Shinyanga ya mwaka 1990 ilikuwa tajiri kuliko ile ya 1975? La. Miaka hiyo ndiyo ya kubana matumizi, ya kushuka kwa bei ya pamba, ya kufa kwa vyama vya ushirika, ya karo na ya kuchangia matibabu. Watu walikuwa maskini pengine kuliko walivyokuwa kabla, na katika umaskini huo huo walizifunga ngitili na kuzilinda. Utajiri kidogo ulikuja baadaye, ukiletwa na ardhi iliyopona. Utaratibu ulikuwa kinyume cha ule unaofundishwa.

Basi kilichobadilika ni nini kama si kipato? Ni mamlaka. Mtu aliruhusiwa kurudi kwenye eneo lake, kuweka mpaka, kumzuia ng'ombe wa jirani na kusikilizwa na dagashida akilalamika. Alipojua kwamba jani alilolinda Februari atalila ng'ombe wake Agosti, alilinda. Asipojua hilo hulifyeka, awe maskini au awe na lori. Hiki ndicho kiini cha uhakiki wetu: uhusiano wa mtu na ardhi hupitia katika uhusiano wa mtu na mtu. Anayeutazama mti peke yake, au mfuko wa mkulima peke yake, haoni kinachotokea.

Kuna watakaotujibu kwa mfano wa Kondoa. Huko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, serikali iliamua mwaka 1979 kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika la kilometa za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walihamishwa. Ardhi ilipona kweli kweli. Makorongo ambayo watafiti walikuwa wakija kuyapiga picha yalishika majani. Kwa hiyo, wanasema, amri nayo inafaa.

Inafaa kwa majani. Tunachouliza ni nani aliyeyalipia. Kaya iliyokuwa na ng'ombe sita na haina ndugu katika nyika ya Wamaasai wa kumwachia, iliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu majirani wote walikuwa wanauza wiki hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe 200 aliwapeleka mbali pamoja na wachungaji wake, na huko alikowapeleka ardhi ya wengine ikaanza kuchoka. Maziwa na samadi vikapungua katika nyumba za Kondoa. Ilipita miaka kumi hivi kabla ya ng'ombe wa kulishwa bandani kuruhusiwa, tena ng'ombe wa kisasa ambaye si kila mmoja angemmudu. Na msaada wa wafadhili ulipokwisha katikati ya miaka ya 1990, ulinzi wa eneo ulianza kulegea, kwani mlinzi alikuwa ni mradi. Katika Shinyanga mradi ulimalizika mwaka 2004, lakini dagashida haikuwa na mkataba na mfadhili yeyote.

Hata hivyo tusiigeuze Shinyanga kuwa hadithi ya peponi. Wapo wenzetu ambao wakisikia neno jadi huweka kalamu chini wakaanza kuimba. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji 172 ulihesabu ngitili 18,607, na katika hizo za umma zilikuwa 284 tu. Zilizobaki zote zilikuwa za kaya. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ardhi ilipoanza kuwa na thamani, iliyokuwa ya wote ilianza kuwa ya wachache, pole pole, bila kelele na bila hati. Kaya yenye eneo kubwa na ng'ombe wengi ilifunga ngitili kubwa, na wakati wa kiangazi ikawakodisha majani wasio nayo. Kaya isiyo na ardhi ya kutosha haikuwa na cha kufunga. Mjane, kijana aliyeoa juzi, mhamiaji: hawa waliuona msitu ukirudi upande wa pili wa mpaka. Dagashida nayo, pamoja na sifa zake zote, ni baraza la wanaume wazima, na mwanamke aliyefaidi kuni hakuulizwa mpaka upite wapi. Zile dola 14 ni wastani, na wastani ni kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja anayekila.

Kwa hiyo mfano huu huu unaotuonyesha kwamba ardhi yaweza kupona mikononi mwa maskini, unatuonyesha pia kwamba kupona kwa ardhi kwaweza kuzaa tabaka jipya kijijini. Hapa ndipo kada anapotakiwa kufanya kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Serikali ya Kijiji, ikiwajibika kwa Mkutano wa Kijiji, usimamizi wa ardhi ya kijiji, na inaruhusu kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Silaha zipo. Ngitili ya umma ikipimwa na kuandikishwa kuwa ya kijiji, haiwezi kumegwa na mwenyekiti usiku. Isipoandikishwa, itamegwa. Na si jambo dogo: kwa mujibu wa tathmini ya taifa ya misitu iliyotolewa mwaka 2015, nchi yetu ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake imo katika ardhi za vijiji. Huo ndio msitu unaopungua kwa kasi zaidi, kwa sababu mwingi hauna mwenyewe kisheria.

Tukitoka kwenye majani twende kwenye mkaa, ambako hoja ya umaskini hutumika kila siku. Mchoma mkaa amekuwa shetani wa magazeti. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ikapaa, wananchi wa mijini wakalia, na baada ya muda mfupi marufuku ikaondolewa. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nchi inatumia mkaa tani milioni moja kwa mwaka, nusu yake katika Dar es Salaam, na kwamba serikali inapoteza mapato ya dola milioni 100 kila mwaka katika biashara hiyo. Dola milioni 100 hazipotei katika tanuri la udongo huko porini. Zinapotea barabarani, kati ya tanuri na jiji, kwa wenye malori, wenye vibali na wanaofumba macho kwenye vizuizi. Mchomaji anapata sehemu ndogo ya bei, mama lishe wa Manzese analipa bei yote, na aliye kati yao hajapata kuitwa mharibifu wa mazingira katika semina yoyote tuliyoisikia.

Katika Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa vilijaribu njia nyingine. Vilipanga matumizi ya ardhi, vikatenga sehemu ndogo ya msitu kwa ajili ya mkaa, na kuivuna vipande vipande kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue tena. Ushuru uliingia katika mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na mahali pengine ukalipia bima ya afya. Hatusemi kwamba jiji la mamilioni ya watu laweza kupikiwa kwa utaratibu wa Kilosa. Tunasema kwamba palipokuwa na mamlaka ya kijiji juu ya mti, mti ulikatwa kwa hesabu.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri, na mapafu ya akina mama yanalihitaji kabla hata ya misitu. Lakini tumtazame mnunuzi. Mama anayelipwa kwa siku hununua mkaa kwa kopo, kwa kadiri ya shilingi zilizomo mkononi jioni ile. Mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo. Mpaka atakapoweza kununua gesi au umeme kwa kipimo kile kile anachopatia riziki yake, mkakati utawafaa kwanza wale ambao hata bila mkakati wangenunua mtungi. Hili ndilo neno jumuishi linapotakiwa kuthibitishwa, jikoni, kwa shilingi ya siku moja.

Na yule mwingine aliyeachwa njiani, mwenye mgodi? Novemba 2022, katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga huko huko, kingo za bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui zilibomoka na tope likafunika mashamba, malisho na nyumba za watu. Mgodi huo umechimbwa tangu mwaka 1940. Hakuna umaskini uliolibomoa bwawa hilo. Katika siku moja wanakijiji walipoteza kile ambacho jirani zao walitumia miaka 15 kukirudisha kwa kufunga ngitili, na fidia, hata ikilipwa, haipimwi kwa miaka ya kungojea mgunga ukue. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wanatia zebaki katika mito ya Kanda ya Ziwa, hilo ni kweli, na ni lazima wazuiwe. Ila ofisa anayejua njia ya kwenda kwa mchimbaji mdogo lakini hajui lango la mgodi mkubwa ana kasoro ya macho.

Tumesema na wale wanaomlaumu maskini. Wapo pia, na ndani ya Chama hawakosekani, wanaosema kwamba mazingira ni wimbo wa wafadhili, kwamba Ulaya na Marekani zilikata misitu yao na kuchoma makaa ya mawe mpaka zikatajirika, nasi tuachwe tufanye vile vile. Hasira yao tunaielewa. Bara zima la Afrika halitoi hata asilimia tano ya hewa ya ukaa ya dunia, na kumwambia Mtanzania asiye na umeme ajinyime ni dharau. Lakini hoja yao inaanguka pale inapodhani kwamba ardhi ni jambo la Wazungu. Azimio la Arusha lilipotaja mambo manne ya maendeleo, ardhi ilikuwa mojawapo, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Mkulima hana kiwanda cha kukimbilia ardhi ikifa. Uingereza ilipochosha ardhi yake ilikuwa na Usukuma wa kulima pamba yake. Sisi Usukuma wetu ni huo huo mmoja.

Limebaki suala la kaboni, ambalo ni jipya na ambalo makada wengi wataletewa mezani kabla hawajalijua. Tangu Kanuni za mwaka 2022 zitoke, makampuni yanafika vijijini kununua hewa inayohifadhiwa na misitu. Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vya eneo la milima ya Ntakata vimepata mabilioni ya shilingi kwa njia hiyo, na fedha hizo zimejenga madarasa na vituo vya afya. Wananchi wenyewe wanajivunia, na wana haki. Hata hivyo bidhaa hii ina tabia ya ajabu: anayeinunua mara nyingi anajinunulia ruhusa ya kuendelea kuchafua kwao. Tena ni mkataba wa miaka mingi, ambamo kijiji kinaahidi kwa niaba ya watoto ambao bado hawajazaliwa kwamba eneo fulani halitalimwa.

Bila shaka wanunuzi hao watafika na Shinyanga, maana miti iliyorudi ndiyo wanayoitafuta. Watakuta ngitili 284 za umma na zaidi ya 18,000 za kaya, nyingi zisizo na hati. Fedha itafuata mpaka upi? Itaingia katika mfuko wa kijiji, au katika mfuko wa yule aliyefunga eneo kubwa wakati wenzake wamelala? Asiye na ngitili, ambaye ng'ombe wake watatu walikuwa wanapenya kiangazi kwa hisani ya jirani, atachunga wapi mkataba ukishaandikwa kwamba ng'ombe wasipenye? Mkataba wenyewe umeandikwa kwa lugha gani, na umesomwa mbele ya nani? Maswali hayo yanatakiwa kuulizwa na Mkutano wa Kijiji kabla ya sahihi kutiwa, wanawake na vijana wakiwa wamekaa mbele, na mipaka ya ngitili ya umma ikiwa tayari imepimwa.